Ombi la Kuhamishia Kura ya Turufu Ufuoni Muhuru

Kwa: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York.

Kutoka: Muhuru Bay, Nyatike, Kaunti ya Migori.

Waheshimiwa Mabalozi,

Huku ufuoni mbuta wamepungua na petroli ya injini haishikiki, mambo ambayo najua hayamo katika ajenda yenu.

Kwanza nijitambulishe, maana wakubwa wenu walitujua zamani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliketi Ulaya wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, kule Pwani, wakaupindisha kidogo kwenye Kilimanjaro, kisha wakaunyoosha hadi pale ambapo latitudo ya digrii moja kusini inakutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Pale ni hapa kwetu. Mwaka 1890 wakaurefusha juu ya maji mpaka ng'ambo, jambo ambalo samaki hawajalikubali hadi leo. Wakuria walikatwa katikati, wengine wakawa wa Migori na wengine wa Tarime, na mtu akifiwa na shangazi yake huenda matangani kwa kupita kituo cha mpaka cha Isebania.

Sasa ombi lenyewe. Katika ufuo wowote wa Migori au Homa Bay, mambo ya uvuvi huendeshwa na kamati tunayoiita BMU. Kwa kanuni ambazo serikali ya Kenya ilizitoa mwaka 2007, wenye mitumbwi wanawakilishwa, wavuvi wanaoajiriwa kwenye mitumbwi hiyo wanawakilishwa, na wanawake lazima wawemo. Viongozi huchaguliwa, na wanachama wakichoka nao wanaweza kuwaondoa. Si kazi safi, nakiri. Uchaguzi wa BMU huja na soda za bure, shutuma za omena waliopimwa kwa debe lililobonyea, na watu wa mlango mmoja kununiana mpaka msimu mwingine. Ndipo tukajiuliza: mbona tunateseka hivi, na duniani kuna kamati ambayo wakubwa wake hawajawahi kupigiwa kura tangu iundwe?

Tunaomba ruhusa ya kuuiga mfumo wenu. Chini ya mpango mpya, familia tano zilizokuwa na mitumbwi mikubwa mwaka 1945 zitakaa kamatini milele. Familia nyingine zote, kuanzia hapa, Karungu na Sori hadi Mbita na mjini Homa Bay, zitapokezana viti kumi kwa miaka miwili miwili, na anayemaliza zamu yake haruhusiwi kuchaguliwa tena papo hapo, asije akazoea. Mmoja wa wale watano akikataa, hata kama wengine kumi na wanne wamekubali, nyavu zinabaki nchi kavu. Na mtu akitaka kanuni hizi zibadilishwe, zitabadilishwa kwa ridhaa ya wale wale watano, kila mmoja wao. Mkutano uliufurahia mpango huu, hasa zile familia tano.

Yapo mambo machache yaliyotutatiza, na ndiyo yanayonifanya niandike barua ndefu.

La kwanza ni hilo la 1945. Mnasema viti ni vya walioshinda vita. Sawa. Lakini vijana wa wilaya hii, ambayo koloni liliiita South Kavirondo, nao walichukuliwa katika jeshi la kikoloni la KAR, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma wakiwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, katikati ya matope ya masika ya huko. Waliorudi walikuta kipande kinawasubiri. Kati ya mataifa 51 yaliyoanzisha Umoja wenu, Afrika ilikuwa na manne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Na Afrika Kusini iliongozwa na Jan Smuts, aliyesaidia kuandika utangulizi wa Mkataba wenu, ule wenye haki za binadamu ndani yake, huku wenyeji wengi wa nchi yake hawana kura. Kama viti ni malipo ya jasho la vita, daftari la malipo lina kurasa zilizochanwa.

La pili ni majina. Ibara ya 23 ya Mkataba wenu mpaka leo imewataja Jamhuri ya China na Muungano wa Kisovieti kuwa wanachama wa kudumu. Kiti cha kwanza kilihamishwa kutoka Taipei hadi Beijing kwa kura ya Oktoba 1971. Cha pili kilirithiwa kwa barua: tarehe 24 Desemba 1991 Boris Yeltsin alimwandikia Katibu Mkuu wenu kwamba Urusi ndiyo itakayokikalia, na Muungano wenyewe ulizikwa rasmi siku mbili baadaye. Huku kwetu urithi hujadiliwa baada ya kuanua matanga. Nyinyi mrithi aliketi marehemu akiwa bado anapumua, wala hakuna aliyesema suala hilo ni gumu, linahitaji tafakuri pana na maafikiano ya wote. Maneno hayo mnayaweka akiba kwa ajili ya Afrika.

La tatu, na hili nalisifu kwa dhati, ni kalamu. Nasikia karibu kila faili lina nchi inayoshika kalamu, yaani inayoandika rasimu ya kwanza ya azimio. La Kongo liko mkononi mwa Ufaransa. La Somalia na la Sudan yako mikononi mwa Uingereza. La Sudan Kusini linashikwa na Marekani. Wengine huitwa wino ukiwa unakauka. Vijana wa Kenya, wa kwetu wakiwemo, wako Somalia tangu Oktoba 2011, na karatasi inayoeleza wafanye nini huko huanza kuandikwa na Waingereza. Desemba 2023, katika azimio nambari 2719, mlikubali kwamba michango ya wanachama inaweza kulipia hadi asilimia 75 ya operesheni za amani za Umoja wa Afrika. Ilipofika zamu ya Somalia kufaidi, mwaka 2025, hamkuafikiana. Miezi miwili kabla ya azimio hilo mlikuwa mmeruhusu polisi wa Kenya wakapambane na magenge ya Haiti. Kibali kilitoka kwenu, bakuli la michango tukalipitisha sisi. Katika BMU yetu mpya tumependekeza vivyo hivyo: ugomvi wa ukoo wowote utaandikwa na ukoo ulioukopesha ng'ombe, na doria ya usiku itafanywa na wale ambao hawakuhudhuria mkutano.

Msiniambie kwamba Mkataba haugusiki. Kenya na Zanzibar ziliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963. Kesho yake, tarehe 17, Baraza Kuu lilipiga kura ya kuongeza viti vyenu kutoka 11 hadi 15. Katika wale watano aliyeunga mkono alikuwa mmoja, China ile ya Taipei. Ufaransa na Wasovieti walipinga. Uingereza na Marekani hawakuonyesha upande. Kumbe kufikia mwisho wa Agosti 1965 wote watano walikuwa wameridhia, kwa sababu nchi mpya zilikuwa nyingi na kelele zao zilisikika. Tangu hapo hakijaongezwa hata kigoda. Mwaka 1993 Baraza Kuu liliunda kikundi cha kulijadili suala hili. Mwaka 2009 yakaanza mazungumzo ya serikali kwa serikali. Septemba 2024 viongozi wa dunia wakaahidi kwa maandishi kwamba dhuluma ya kihistoria dhidi ya Afrika itarekebishwa kwa kupewa kipaumbele. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura ile ya 1963 sasa anapokea pensheni, akiwa na bahati ya kuwa aliajiriwa.

Afrika ina nchi 54 kati ya 193, viti vitatu vya kupokezana, na cha kudumu hakuna. Sehemu kubwa ya vikao vyenu na ya walinda amani wenu iko barani kwetu. Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulikubaliana, katika kile kinachoitwa Makubaliano ya Ezulwini, kudai viti viwili vya kudumu vyenye kila haki ya wale watano, na vitano vya muda. Waraka ule una sentensi moja ninayoipenda: Afrika inapinga kura ya turufu kwa msingi, ila maadamu ipo, haki inataka nayo ipewe. Ni kama mlevi anayelaani pombe huku akiuliza ya kwake iko wapi. Hata hivyo siwezi kuwacheka sana waliouandika, maana wangesema nini kingine? Wakikubali kiti kisicho na turufu watakuwa wameketi kando ya watu watano wenye ufunguo wa mlango. Kiti cha namna hiyo ndicho ambacho Marekani ilitangaza kukiunga mkono Septemba 2024: viwili, vya kudumu, bila turufu. Kwa lugha ya BMU, uje mkutanoni, ukae safu ya mbele, unywe soda baridi, na usiguse daftari.

Na hapo Homa Bay inaumia zaidi, kwa sababu sisi tulidhani tuna mtu. Babu yake Barack Obama alitoka Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, kabla ya kuhamia Kogelo. Mjukuu alipokuwa Ikulu ya Washington, Novemba 2010, alisimama katika bunge la India akatangaza kwamba anataka India ipate kiti cha kudumu. Tulipiga makofi kwa heshima na tukangoja afike kwetu. Alifika Nairobi Julai 2015, akacheza densi kidogo. Kiti hakikutajika. Sisi tulimtoa Tom Mboya, yule wa Rusinga, aliyeongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima pale Accra Desemba 1958 akiwa na miaka 28, akawaambia wakoloni wafungashe. Lakini Mboya alikuwa akizungumza na watu waliokuwa tayari wameanza kuondoka. Nyinyi mmeketi.

Sasa, Waheshimiwa, niruhusuni nipunguze sauti, maana yanayofuata ni ya nyumbani, na wageni wakiyasikia watafurahi.

Migingo ni jiwe la karibu nusu ekari magharibi mwa Muhuru, mabati yamebanana juu yake kama magamba ya ngege. Mpaka ulioandikwa na Uingereza mwaka 1926 unapita kwenye kisiwa cha Pyramid, jirani yake, na kuiacha Migingo upande wa Kenya. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walipiga hema pale, wakapandisha bendera. Kufikia 2009 mzozo ulikuwa umechemka hadi vijana wa Kibera, mamia ya kilomita kutoka hapa, waling'oa reli inayokwenda Uganda. Rais Museveni alikubali kwamba jiwe ni la Kenya, ila maji yanayolizunguka ni ya Uganda. Kwa hiyo Mkenya alale huko kwa amani, mradi asivue. Mwaka huo huo, mabalozi wangu, ni nani aliyekuwa amekalia mojawapo ya viti vya Afrika katika Baraza lenu? Uganda. Iliingia Januari 2009, na Julai ikashika urais wa Baraza. Kumbe mvuvi wa Muhuru aliyekuwa akitozwa ushuru na askari wa Uganda hakuwa mpweke. Alikuwa na mwakilishi wa kanda yake New York: mwajiri wa yule askari.

Kuna mfano mbaya kuliko huo, na huu sina mzaha nao. Mwaka 1994 viti vitatu vya Afrika vilikuwa vya Djibouti, Nigeria na Rwanda. Rwanda yenyewe, wakati wa mauaji, kupitia balozi wa serikali iliyokuwa ikiua. Alikuwa chumbani mkijadili nchi yake, akisikia kila mwenye nguvu akisema hataki kwenda. Tarehe 21 Aprili mliamua kupunguza kikosi chenu hadi watu 270. Wiki chache baadaye mto Kagera ulileta maiti katika ziwa hili tunalolishiriki. Ng'ambo ya Uganda wavuvi waliacha nyavu wakaanza kuopoa na kuzika watu wasiowajua, na walaji wakaogopa samaki. Wakati ule hakuna aliyeweza kulalamika kwamba Rwanda haina kiti.

Nchi yangu nayo isijifiche nyuma ya mlango. Novemba 2013 Afrika ilikuja mbele yenu kwa sauti moja, jambo ambalo hutokea mara chache, kuomba kesi za The Hague zisimamishwe kwa mwaka. Kesi za nani? Za Rais wa Kenya na naibu wake. Mlitoa kura saba za ndiyo na nane za kutoonyesha upande, ombi likaanguka kwa kukosa kura tisa. Waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, ambao kesi hizo zilifunguliwa kwa ajili yao, zaidi ya 1,100, hawakuwa na mtu wa kuwaombea chochote. Kisha tukashinda kiti cha 2021 na 2022 kwa kuibwaga Djibouti, na Oktoba 2021 urais wa Baraza ukawa wetu. Mwezi huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo ni chombo cha Umoja huo huo wa Mataifa, ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari iliyoipendelea zaidi Somalia. Kenya ikaikataa yote, huku imeshika nyundo ya mkutano.

Kwa haki nitaje pia siku tuliyong'ara. Februari 2022 balozi wetu Martin Kimani aliwaambia kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kutuuliza, kwamba ndugu zetu wako ng'ambo yake, na kwamba tuliamua kuishi nayo kuliko kuimwagia damu. Mtu yeyote wa Isebania angeweza kuisema hotuba ile, ingawa Kiingereza chake kingekuwa kifupi zaidi. Dunia ilishangilia. Siku nne baadaye Urusi ilipiga turufu dhidi ya azimio lililoihusu yenyewe na uvamizi wake kwa jirani. Nimesoma Ibara ya 27 ya Mkataba wenu: katika utatuzi wa amani wa migogoro, aliye sehemu ya mgogoro asipige kura. Mnayo kanuni hiyo tangu 1945 na mmeihifadhi vizuri sana, haijachakaa kwa kutumiwa.

Na huko Addis Ababa mambo si tofauti. Februari 2025 Migori na Homa Bay tulikaa mbele ya televisheni tukihesabu kura za marehemu Raila Odinga, aliyekuwa akiwania kuongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Baada ya raundi saba alishinda Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, nchi ile ile tuliyoibwaga New York. Wazee walinyamaza. Nchi 49 zilikuwa zimepiga kura kwa siri, na hakuna kiongozi hata mmoja anayedaiwa na raia wake maelezo ya alimpigia nani na kwa nini.

Kwa hiyo baada ya kushauriana tumeligeuza ombi. Hatutauchukua mfumo wenu. Tunaomba nyinyi muuchukue wa kwetu, pamoja na kelele zake. Afrika ipewe viti vyake, vya kudumu na vya muda, kama ilivyodaiwa. Hilo limechelewa, na sababu za kulichelewesha zimeisha. Turufu mkiifuta tutachinja jogoo. Mkishindwa kuifuta, basi tupeni na sisi, ila tusije tukaitumia kuwaziba midomo wavuvi wetu wenyewe. Kalamu ya faili la Kongo waishike watu wanaosikia risasi za Goma wakiwa vitandani. Na anayekalia kiti kwa jina la kanda aende nyumbani kila mwaka, asimame mbele ya bunge la Afrika au hata ya mkutano wa ufuo, aulizwe alipiga kura gani. Aking'ang'ania kimya, wenye kiti wampe mwingine. Jambo likiwa ni lake, atoke nje ya chumba, kama mwenyekiti wa BMU anavyotoka wavu wake wa macho madogo unapojadiliwa. Yeye hutoka akinung'unika, lakini hutoka.

Najua mtasema Waafrika kwanza wakubaliane nani atakaa: Nigeria, Afrika Kusini, Misri, au nani. Ni kweli hatujasema. Viongozi wetu wanakipenda kiti hicho kikiwa hakina jina, kwa sababu kila mmoja anaweza kujiona amekikalia. Lakini nyinyi yule mrithi wa Desemba 1991 mlimwachia kiti bila kungoja kura yoyote.

Mkitaka kutuma ujumbe wa kuja kujionea, njooni. Mfike Muhuru mapema kabla upepo wa mchana haujaamka, mvae majaketi ya kuokolea maisha, na kwa Migingo mje na pasi zenu, maana hatujui ni askari wa nchi gani mtakayemkuta gatini.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Muhuru Bay.

Nakala:
Ikulu, Nairobi, kwa taarifa.
Ikulu, Entebbe, kwa taarifa, na kwa lile suala la maji.
Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ili wajaze jina la nchi pale palipoachwa wazi tangu 2005.